Deni la Gaudensia na Mtamba wa Bugarama

Juzi mjukuu wangu Editha, mwalimu wa sekondari huko Biharamulo, alinipigia simu kulia mshahara. Hakuwa analia kwamba ni mdogo. Alikuwa analia kwamba unakatwa kulipa mkopo wa chuo kabla haujamfikia mkononi. Nikamwacha amalize, maana mtu anayelia mshahara ukimkatiza anaanza upya. Alipotulia nikamwambia, mama, watu wa wakati wangu hawakukatwa mshahara, walikatwa miaka, na bado walitembea vifua mbele. Akacheka, akasema Babu sasa hayo ni yapi tena. Basi Editha, na ninyi wenzake wote mnaokatwa, kaeni niwaambie.

Mimi nilikuwa karani. Si mwalimu, si afisa, si mheshimiwa. Karani wa ofisi ya wilaya ya Ngara, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, na fomu zote za vijana waliochaguliwa kwenda vyuoni zilipita mezani kwangu. Uuguzi, ualimu, kilimo, mifugo, wote walianzia kwenye kiti changu cha mbao chenye mguu mmoja mfupi. Mkiniona leo natembea taratibu sokoni, mjue zahanati na shule nyingi za wilaya hii zilifunguliwa na watu niliowajazia fomu kwa mkono huu. Nasema hivyo kwa majivuno, ndiyo. Nimestaafu, naruhusiwa.

Enzi za Ujamaa mtoto wa mkulima alisoma chuo bila kutoa hata senti. Kitanda, chakula, daftari, nauli ya kwenda na kurudi, vyote vya serikali. Lakini bure ile ilikuwa na kamba shingoni. Kabla hujaondoka ulijaza fomu ya ahadi: ukimaliza masomo utaitumikia serikali miaka mitano, pale utakapopangiwa, na ukitoroka kabla ya hapo, gharama zote za chuo utadaiwa wewe. Wewe usipoonekana, watadaiwa wadhamini wako wawili. Huo ulikuwa mkopo, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Riba haukuwa nayo, labda uhesabu mbu wa kituo ulichopangiwa.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mzee Mwombeki, Mhaya wa kutoka upande wa Bukoba, soksi ndefu, kaptura imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alinifundisha kazi kwa maneno machache na adhabu nyingi. Wiki yangu ya kwanza niliweka karatasi ya kaboni kichwa chini. Nikajaza fomu za Rulenge nzima kwa fahari, na nilipozifungua, nakala hakuna, ila nyuma ya kila fomu halisi kuna maandishi yaliyogeuka. Mzee Mwombeki hakunigombeza. Alinikabidhi fomu mpya, akanionyesha baiskeli. Nikarudi Rulenge nyumba kwa nyumba kuomba upya vidole vya watu. Bibi mmoja aliponiona akatoa mkono mwingine, akaniuliza kama leo nimefuata dole la kushoto.

Basi niwafundishe na ninyi, ingawa siku hizi mnapangusa simu tu. Kuchukua alama ya dole gumba ni kazi ya ufundi. Usilikandamize kama unaua kunguni. Unalilaza ubavu, unaliviringisha mara moja, kutoka ukingo wa kucha hadi ukingo wa kucha, unaliinua bila kurudi nyuma. Na kwetu kuna jambo ambalo hawakuliandika katika kitabu chochote cha serikali: mkono uliomenya ndizi una utomvu, na wino hauushiki. Alama inatoka na mabaka. Lazima kwanza uuoshe mkono kwa mafuta ya taa, uukaushe, ndipo uutie wino. Hilo nililigundua mwenyewe, na nililigundua kwa kuchelewa, kama mtakavyoona.

Jambo la pili Mzee Mwombeki aliniambia siku ya kwanza, nikalisikia kwa sikio hili likatokea kwa hili: kabla hujaandika, nenda ukaone.

Sasa tufike Bugarama.

Kulikuwa na binti mmoja wa huko, Gaudensia, amefaulu kwenda kusomea uuguzi. Alikuwa wa kwanza katika kata yao, msichana mrefu, mkimya, macho makavu. Baba yake, Mzee Bitungwa, aliyetakiwa kuwa mdhamini wa kwanza, alikataa kutia kidole. Muda wa kurudisha fomu ulikuwa unaisha, na fomu isiporudi nafasi inapewa mtu mwingine. Nikapanda baiskeli. Mnaijua milima ya Ngara: nusu ya safari baiskeli inakubeba, nusu unaibeba wewe. Nikafika jasho limeniganda mgongoni, nikaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikapewa kigoda na kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mrija. Nilikuwa kazini, lakini kule mgeni anayekataa mrija hasikilizwi.

Mzee Bitungwa alikuwa mfupi, mpole, mwenye kuuliza maswali kama hakimu. Mtoto wangu si mbuzi wa kuwekwa rehani, akaniambia. Akiugua je? Akiolewa je? Selikali ikimpeleka mbali akasahau kwao je? Alisema selikali, kama wengi wa kwetu, na mimi sikuwa mtu wa kumsahihisha mzee kwake. Nikaeleza kifungu kwa kifungu. Alitikisa kichwa kila kifungu, na hakuelekea kukubali hata kimoja.

Nikatupa macho zizini. Alikuwa na ng'ombe watano wazuri. Nikamuuliza amewapataje. Uso ukafunguka. Akanieleza kwamba babu yake aligabiwa ng'ombe mmoja na mtu tajiri. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mtu anakugabia ng'ombe, unamchunga, unakunywa maziwa, na akizaa unampelekea ndama jike yule aliyekugabia. Ukishafikisha ndama, ng'ombe ni wako, na uso wako ni mweupe mbele za watu. Usipomfikisha, hata watoto wako hawapati mke.

Hapo nikaona njia. Nikamwambia, mzee, hii ni habari ileile. Serikali inakugabia ng'ombe. Ng'ombe ni masomo ya Gaudensia. Akifanya kazi miaka mitano, ndama ameshafika, na ng'ombe anabaki kwenu milele.

"Na miaka hiyo ikimshinda?" akauliza.

Nikacheka, mrija mdomoni. "Basi utakuwa na deni la ndama, mzee."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Akanyoosha mkono. Mkono wenyewe ulikuwa umetoka kumenya ndizi, mimi sina habari ya utomvu wala mafuta ya taa, alama ikatoka na mabaka. Sikujali. Nilikuwa nimeshinda. Kisha mzee akaenda nyuma ya nyumba, akachukua majivu na jani gumu, akasugua dole lile mpaka likawa jekundu. Alisema alama ya selikali haitalala nyumbani kwake.

Ikabaki nafasi ya mdhamini wa pili. Fomu ilitaka mtu mwenye mshahara. Katika Bugarama mwenye mshahara alikuwa mwalimu mmoja, naye alikuwa ameshawadhamini wadogo zake wawili. Binti amesimama mlangoni ananitazama, haombi, ananitazama tu. Nikatoa kalamu nikajiandika mwenyewe. Ilikuwa kinyume cha utaratibu, karani hamdhamini mtu anayemjazia fomu. Mzee Mwombeki alipoiona alinitazama muda mrefu, akaitia saini, akasema sasa nina mtoto kabla sijaoa.

Mfano wangu wa ng'ombe na ndama niliutumia wilaya nzima baada ya hapo. Watu walielewa haraka, fomu zikarudi kwa wakati, nikajiona fundi. Hakuna aliyenionya kwamba mfano nao ni ahadi ukimwambia mtu anayeshika neno.

Gaudensia akasoma, akamaliza, akapangiwa zahanati ya kijiji kimoja huko Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo. Kwenda huko kutoka kwetu ulipita pori lenye mbung'o. Palikuwa na kizuizi barabarani, na mlinzi mwenye wavu aliyekagua kila chombo kisibebe mbung'o kwenda vijijini. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili, kabati moja la dawa, na foleni isiyokwisha. Kila mwisho wa mwaka kituo kilipaswa kutuletea karatasi ya kuthibitisha kwamba mtumishi yupo na anafanya kazi, nami naiweka katika faili lake. Mwaka wa kwanza ikaja. Mwaka wa pili ikaja, na pembeni mganga wa wilaya kaandika kwa mkono kwamba akina mama wa kule hawataki kuzalishwa na mtu mwingine. Nilimsomea Mzee Bitungwa maneno hayo siku ya mnada wa ng'ombe. Aliniomba niyasome tena.

Halafu vita vikaja.

Ninyi mnasoma vita vya Kagera katika vitabu, ukurasa mmoja na ramani. Sisi huku Ngara na Biharamulo hatukupigwa mabomu, lakini vita vilikula kila kitu. Malori yalichukuliwa kwenda mbele, mafuta hayapo, sukari haipo, barua zinakaa hata miezi. Vijana walijiandikisha, wazee walitoa ng'ombe na maharage. Watu waliofukuzwa makwao kaskazini walishuka na mikeka yao kichwani. Katika hali hiyo uvumi ndio ulikuwa usafiri pekee usiohitaji mafuta.

Siku moja utingo wa lori la pamba akasimama ofisini kwetu kuomba maji. Akasema zahanati ya Nyamigogo imefungwa, nesi haonekani karibu mwezi wa pili. Na wanasema, akaongeza akijifuta mdomo, amevuka Rusumo na mfanyabiashara, yuko Rwanda anauza vitenge.

Moyo wangu ulidondoka. Na nisiwadanganye, haukudondoka kwa ajili ya Gaudensia. Nilikuwa nimeoa mwaka uleule, mke wangu ana mimba, na jina langu liko kwenye fomu ile, mstari wa pili. Nilijua gharama za chuo zitakatwa wapi. Ningekatwa mpaka mtoto wangu aote ndevu.

Nikakaa, nikaandika barua ya onyo. Ilikwenda kwa Mdhamini wa Kwanza, Mzee Bitungwa wa Bugarama, kumjulisha kwamba binti yake ameacha kituo bila ruhusa na kwamba anatakiwa kujiandaa kulipa. Niliiandika vizuri sana. Mdhamini wa pili sikumwandikia, kwa sababu mdhamini wa pili alikuwa mimi. Nikaigonga muhuri, nikaituma kwa tarishi, na Mzee Mwombeki yuko Bukoba kikaoni. Kabla hujaandika, nenda ukaone. Sikwenda, wala sikuona.

Sasa fikirini. Mzee Bitungwa hajui kusoma. Barua yenye muhuri wa wilaya ilipofika, ilifika kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti, mtu mzuri tu, alifanya kama alivyofanya kwa barua zote za serikali. Aliisoma kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya kaya zote, baina ya habari za mbegu za pamba na habari za michango ya vita. Watu wakasema wengine wanatoa watoto wao kwenda mstari wa mbele, na huyu binti wa Bitungwa ametoroka na chakula cha serikali tumboni. Niliambiwa baadaye mzee alivyofanya. Alisimama, akajikung'uta vumbi, akaondoka, na watu wakampisha.

Siku ya nne baada ya mkutano ule, asubuhi, nilikuwa nafungua dirisha la ofisi, nikaona mtamba mwekundu, pembe ndiyo kwanza zinachomoza, anakula maua ya Mzee Mwombeki. Nyuma yake amesimama Mzee Bitungwa, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea naye siku mbili.

Nikaamkia. Akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Ndama huyu hapa," akasema. "Nipe karatasi yangu."

Niwaambie wanangu, nimesimama mbele ya wakaguzi, nimesimama mbele ya mkuu wa mkoa, sijawahi kubanwa kama siku ile. Kwenye fomu hakukuwa na mstari wa mtamba. Nikaanza kueleza kwamba ulikuwa mfano tu, kwamba serikali haidai ng'ombe, inadai... Akanikatiza kwa upole. Akaniambia nilikunywa pombe yake, nikakaa kigoda chake, nikasema ndama mmoja, na yeye akauliza mara mbili. Je, sikusema? Nikakubali kwamba nilisema.

Mzee Mwombeki alikuwa amerudi jana yake. Akatoka nje, akaona maua yake, akaona mtamba, akaona uso wangu. Akaomba faili. Alisoma nakala ya barua yangu amesimama palepale uani, kisha akageuza ukurasa akatazama fomu, mstari wa pili, jina langu. Alishusha sauti mzee asisikie.

"Fransisko, hukuandika kama karani. Umeandika kama mdaiwa. Umeuogopea mshahara wako, ukamvua nguo mzee wa watu hadharani."

 Nilisikia aibu ambayo hata leo nikiigusa inauma.

Tulimsihi mzee arudi na mtamba wake. Akakataa katakata. Kwao ng'ombe akishatoka zizini kwenda kulipa deni harudi mpaka deni lisemwe limekwisha. Basi Mzee Mwombeki akaamuru mtamba apelekwe shamba la shule ya msingi, maana kila shule ilikuwa na shamba enzi zile, atunzwe pale hadi ukweli ujulikane. Mzee akaondoka mikono mitupu. Mimi nikapewa baiskeli na siku kumi.

Nilipata lifti ya lori hadi Biharamulo, mengine nikapiga pedeli. Pale kizuizini mlinzi akaizungukia baiskeli yangu na wavu wake, anatafuta mbung'o hata chini ya tandiko. Nilifika Nyamigogo nimechoka hata hasira imenitoka. Zahanati ilikuwa wazi, si imefungwa. Ndani nikamkuta mhudumu, Mama Velonika, mama Msubi wa makamo, anafunga kidonda cha mtu. Alifungua siku tatu tu kwa wiki, akaniambia, kwa sababu kupiga sindano hajui na dawa hazitoshi. Nikamuuliza nesi yuko wapi. Akamaliza kufunga kidonda kwanza. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari la wagonjwa, akanionyesha ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wa Gaudensia.

Chini ya orodha ya wagonjwa wa siku ile alikuwa ameandika kwamba gari la jeshi limekuja kutafuta wauguzi, ameagizwa kwenda kuhudumia majeruhi, na ufunguo wa kabati ameuacha kwa Mama Velonika. Mstari wa mwisho ulisema hivi: "Nitarudi kumalizia miaka yangu. Baba aambiwe."

Baba aambiwe. Na mimi nilikuwa nimemwambia.

Nikauliza kwa nini hawakutuletea habari. Mama Velonika akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyekuja amechelewa. "Barua tutume kwa gari gani? Na hapa hakuna aliyekuja kuuliza. Ungekuja, ungeambiwa."

Nikanakili ukurasa ule neno kwa neno, Mama Velonika akatia dole chini kama shahidi. Nilimwosha mkono kwanza kwa mafuta ya taa, siku hiyo ndipo nilipojaribu, akili ikiwa imenikaa sawa. Alama ikatoka safi kabisa.

Sikupitia ofisini. Nilikwenda moja kwa moja Bugarama, nikamwomba mwenyekiti aitishe mkutano. Nikasimama pale barua yangu iliposomwa, nikausoma ukurasa wa Gaudensia, halafu nikasema kwamba barua ya kwanza niliiandika mimi, bila kwenda, bila kuona, na kwamba nilikuwa naogopa fedha yangu. Watu walinong'ona. Mama mmoja akaniambia kwa Kihangaza maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilistahili.

Nikadhani Mzee Bitungwa atanishika mkono. Hakunishika. Alisema karatasi moja imesema mtoto wake ametoroka, karatasi nyingine imesema hakutoroka, na zote mbili nimezisoma mimi. Atamwamini Gaudensia mwenyewe atakapofika. Mtamba akae hukohuko.

Basi tukangoja. Vita vikaisha, watu wakacheza barabarani, mkoa ukabadilishwa jina ukaitwa Kagera. Gaudensia akarudi. Hakupitia nyumbani wala ofisini, alishuka Nyamigogo, akachukua ufunguo wake kwa Mama Velonika, akafungua kabati. Ndipo akaandika barua kwa baba yake. Nilipomfuata kumwomba radhi alinisikiliza hadi mwisho, akasema kitu kimoja tu, kwamba siku nyingine nimwandikie yeye. Ya vita hakusimulia. Aliniambia tu kwamba kule walimwita Dada Nyamigogo, na akatabasamu kidogo.

Mzee Mwombeki aliandika barua tatu mpaka ikakubaliwa kwamba miezi ile ya vita ihesabiwe katika miaka yake mitano. Gaudensia hakuwa na haraka nayo. Miaka ilipotimia alikaa mpaka nesi wa kumpokea alipofika na kuzijua njia zote za kijiji.

Mnajua msemo: kukopa harusi, kulipa matanga. Nimeusikia maisha yangu yote, hata Editha alinitupia kwenye simu. Wanangu, mimi nimewaona watu wakilipa, na nawaambia msemo ule si lazima ukupate. Utunze nakala zako. Mtu akikudhamini, mpe habari zako kabla hajazipata kwa utingo. Lipa mpaka siku ya mwisho, kisha nenda ukaombe karatasi ya kumaliza, usione haya, uishike mkononi. Nasema hivyo kwa sababu nimeiona siku ya kulipa ilivyo.

Gaudensia alikuja Ngara kuchukua barua yake ya kuachiwa, amefuatana na baba yake. Mzee amevaa koti lake la kanisani. Mtamba tulishamleta kutoka shuleni, sasa ng'ombe mzima, na ndama jike pembeni. Maziwa yake yalikuwa yamewanywesha watoto wa darasa la kwanza na la pili, na walimu wengine wanaojifanya darasa la pili. Nikamwambia mzee, deni limekwisha, chukua ng'ombe wako na ndama wake.

Akamshika ng'ombe kamba. Ndama akamsukuma kuelekea kwangu.

"Huyu ni wa selikali," akasema. "Anayegabia ng'ombe hufikishiwa ndama. Ndivyo ulivyoniambia."

Nilimtazama Mzee Mwombeki aniokoe. Hakuniokoa. Aliandika kwa kalamu yake kwamba shule ya msingi imepokea ndama jike mmoja kutoka kwa Mzee Bitungwa wa Bugarama. Uzao wake ulikuwepo pale hadi nilipostaafu.

Tukaingia ndani. Mzee Mwombeki akafungua faili la Gaudensia, akaichukua ile fomu ya ahadi iliyokuwa imegeuka rangi, akagonga muhuri wa kumaliza, akamkabidhi binti barua yake. Gaudensia aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani. Macho yake makavu yalikuwa yamelowa. Nikadhani shughuli imekwisha, nikaanza kufunga faili. Mzee Bitungwa hakuinuka.

"Na mimi?"

Nikamuuliza wewe nini, mzee.

"Niliingia kwa kidole," akasema. "Nitatokaje?"

Fomu haikuwa na nafasi hiyo. Serikali ilikuwa na mahali pa mdhamini kuingia, haikukumbuka mahali pa kumtoa. Mzee Mwombeki akanitazama, kisha akasukuma kidau cha wino upande wangu. Nikaleta mafuta ya taa. Nikauosha mkono wa mzee taratibu, nikaukausha, nikalilaza dole, nikaliviringisha kutoka ukingo hadi ukingo. Alama mbili zikakaa jirani, ya zamani ina mabaka ya utomvu, mpya kila mstari unaonekana. Mimi nami nikatia saini ya pili kando ya saini yangu ya kwanza.

Nikachukua kitambaa nimfute. Akauvuta mkono wake.

"Acha, karani. Ile barua yako ilisomwa mbele ya watu. Na dole hili wakalisome."

Nilisimama dirishani nikiwatazama wakiondoka, Gaudensia mbele na ng'ombe, baba yake nyuma. Fimbo mzee aliihamishia mkono wa kushoto. Wa kulia aliuinua, dole gumba juu, wino usije ukagusa koti, na akaenda nao hivyohivyo kuelekea Bugarama, mwendo wa siku mbili.